Mchezo wa Umejuaje

Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, umejuaje?" Nikajikuta nimemziba mdomo kwa kiganja.

Lilikuwa swali la baba. Dukani kwetu Mengo, kulikonuka mafuta ya taa na sabuni ya mche, hakukubali neno letu bila ushahidi. Nikisema mvua itanyesha, atauliza, "Umejuaje?" Basi nitamwonyesha sisimizi wanaohamisha mayai, naye atacheka kwa furaha.

Alasiri moja mwanajeshi aliingia, buti zikigonga sakafu. Siku hizo za uhaba, kuficha sukari lilikuwa kosa la kufungwa.

"Mzee, wewe naficha sukari."

"Sina, afande," baba alijibu kwa upole.

Mwanajeshi akaridhika na jibu hilo, akageuka aende zake. Mimi nikadhani naye anaujua mchezo wetu.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

Akacheka, akarudi. "Mtoto nauliza muzuri. Ngoja natafuta."

Alipopindua gunia la mchele, mfuko wa sukari ukaanguka. Nikapiga makofi, maana ushahidi umepatikana.

Baba alirudi baada ya miezi kadhaa, akichechemea. Hakunikemea hata mara moja. Ila nilipomwambia mvua itanyesha, aliitikia tu, "Ndiyo, mwanangu."