Jasho la Bati

Utotoni niliamini kwamba bati likichoka hutoa jasho. Aliyeniambia ni mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mchukuzi wa sokoni: bati hubeba jua mchana kutwa, alfajiri linalowa, na siku litakapochoka kabisa litatulalia sote. Hadi leo, nikiona chupa ya soda baridi imelowa mezani, namkumbuka.

Asubuhi moja bati lilidondosha matone makubwa kama maembe, wallahi. Mama alikuwa uani anajifunga kanga, aende kufua nguo za watu Uhindini. Nikamng'ang'ania.

"Mama, usiende. Nyumba inatuangukia leo."

"Nani kasema?"

"Mjomba wa chumba cha mbele. Bati limechoka, tazama jasho."

Mama hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa bati, kisha akaketi kizingitini, miguu bado imevimba kwa kukatiza uwanja wa Mnazi Mmoja jana na mzigo kichwani.

"Huo umande, mwanangu. Hewani mna maji tusiyoyaona. Usiku bati hupoa, hewa ikiligusa yanageuka matone, kama kwenye mfuniko wa sufuria. Bati halichoki."

Akainuka taratibu.

"Anayechoka ni mimi."