Tupokigwe na uwanja ulioachwa na wageni

Saa moja asubuhi, Tupokigwe Mwasomola anasukuma toroli la chokaa kwenye uwanja wa mazoezi uliopo Mtoni, wilayani Temeke. Anachora mstari wa katikati, anautazama, kisha anarudia pale ulipofifia. Leo hakuna mechi. Kesho pia hakuna.

"Kila Jumatatu nachora," anasema. "Mtu akipita akaona hakuna mistari, atajua hapa pameshatelekezwa."

Uwanja huu ulitengenezwa kwa ajili ya timu za kigeni zilizokuja kwenye mashindano makubwa ya soka. Wakati huo watunza nyasi walikuwa kumi na wawili. Mashindano yalipoisha, mikataba nayo ikaisha. Akabaki yeye peke yake, kwa mshahara wa shilingi 180,000 kwa mwezi.

"Siku ya kwanza nilichemsha chai ya watu kumi na wawili kwa mazoea," anasema mama huyu wa miaka 51, mzaliwa wa Tukuyu. "Nikakaa nayo mpaka mchana, nikaimwaga."

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake wa pekee, Lusungu, ameolewa Songea.

"Kuna siku natoka hapa sijasema neno hata moja. Nikifika dukani kununua mkate, sauti inakwaruza."

Januari, pampu ya kisima iliharibika na fundi akachelewa siku tisa. Tupokigwe alibeba maji kwa ndoo kutoka bomba la jirani. Alimwagilia mbele ya magoli tu, katikati akapaacha pakauke.

"Sikuweza kuokoa kote. Ilibidi nichague."

Siku ya nne, Raudha Twalib, kocha wa timu ya wanawake inayofanya mazoezi kwenye kiwanja cha mchanga cha jirani, alisimama kwenye uzio.

"Shikamoo, mama. Tunaomba tucheze humo, hata saa moja tu."

"Marahaba. Sina ruhusa, mwanangu. Nikifukuzwa hapa nitakwenda wapi?"

Raudha hakubishana. Jioni alirudi na wachezaji wake, kila mmoja na ndoo yake. Walimwagilia mpaka giza likaanza kuingia, wakaondoka bila kuomba chochote.

"Usiku ule sikulala vizuri," anasema Tupokigwe. "Nilijiuliza, nyasi hizi namtunzia nani?"

Aliandika barua kwa mkono akaipeleka ofisini kwa wakubwa wake. Alirudi kuulizia mara tatu. Safari ya nne akapewa jibu: timu iingie kila Jumamosi, kwa muda wa saa mbili tu.

Jumamosi ya kwanza walikuja wanawake kumi na tisa. Tupokigwe alisimama nyuma ya goli akisikiliza wanavyoitana. Walipoondoka, alipiga magoti kufukia mashimo ya njumu.

"Nililia kidogo," anasema. "Si kwa sababu wameharibu."

Siku sita zilizobaki za wiki, geti hufungwa na kimya kinarudi. Lakini kando ya kisima kuna viroba ishirini na saba vyenye vipande vya nyasi zenye mizizi. Zamani alikuwa akivitupa kila anapopunguza kingo za uwanja. Sasa ameomba ruhusa avioteshe, na masika yakianza anataka kuvipanda kwenye kile kiwanja cha mchanga.

Raudha amemuuliza nani atakitunza.

"Nimemwambia mie nitakwenda kila jioni nikitoka kazini," anasema Tupokigwe. "Kule hakuna uzio. Mtu akipita, anakusalimia."