Karafuu Ndani ya Sanduku la Bodi

Siku ya kwanza kazini Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa bodi ya redio iliyokufa, akasema, "Fuata njia za shaba kwa jicho kwanza. Mkono wako una haraka." Karakana yetu ilikuwa Chake Chake, na mimi nilikuwa nimetoka skuli tu.

Nyumbani kwake, kijijini Ole, alikuwa akiunda kompyuta: bodi moja kubwa aliyoitoboa na kuilehemu mwenyewe, kwa chipu za zamani alizozing'oa kwenye mashine zilizotupwa. Skuli moja ilimuahidi kwamba ikiwaka mbele ya mwalimu mkuu, litafunguliwa darasa la kompyuta na mimi ndiye nitakayefundisha. Nyumbani kwetu walishaanza kuniita Mwalimu.

Asubuhi ya kuja wageni wa skuli kuitazama, ikagoma. Chipu kuu huita kumbukumbu kupitia njia za anwani, ikajibiwa kupitia njia za data. Njia moja ikikatika, mashine nzima hupotea. Nilikuwa na kalamu ya kupimia yenye taa mbili, ambazo hupokezana kuwaka ishara inapopita. Kwenye mguu wa chipu kuu zilipokezana. Mwisho wa njia hiyohiyo, kwenye mguu wa chipu ya kumbukumbu, kimya. Shaba ilikuwa nzima. Nikaing'oa chipu hiyo ya kumbukumbu. Soketi yake, kitako inamochomekwa, ilinata, na ilinuka karafuu.

Bi Asha, mkewe Fundi, alikuwa akitia karafuu ndani ya sanduku la bodi, kama tunavyotia kwenye makasha ya nguo, mende wasisogee. Mafuta ya karafuu yalikuwa yameganda kwenye miguu ya chipu. Nikamnong'oneza Fundi. Tukaanza kusafisha soketi kwa spiriti, lakini zilikuwa nyingi, na wageni wakaingia.

"Nani kaiharibu?" akauliza mwalimu mkuu.

Fundi alimtazama mkewe, aliyesimama mlangoni na sinia la kahawa. "Kijana wangu. Kalehemu vibaya."

"Na huyu ndiye wa kufundisha watoto?"

Wageni walipoondoka, Fundi aliniambia, "Weye bado kijana, utapata kwengine. Mke wangu watu wangemcheka mpaka kaburini."

"Na miye?"

Akachukua spiriti, akarudi kwenye soketi. Baada ya siku chache bodi iliwaka, darasa likafunguliwa, na aliyefundisha ni mpwa wa mwalimu mkuu.

Nimezunguka tangu hapo, Unguja, Tanga, Mtwara, nikifungua simu za watu vibarazani. Sikudumu popote. Sasa macho hayaioni tena miguu ya chipu, nami nimeiweka chini pasi ya kulehemu kabla ya wakati wake. Vijana huniuliza kwa nini sikubaki Pemba, kwenye kazi niliyoianza vizuri. Huwaambia wapime njia pande zote mbili.

Siku niliyoondoka Pemba, Bi Asha alinisindikiza hadi barabarani. Akaufungua mkoba wangu wa vifaa, akatia gao la karafuu, ujazo wa kiganja.

"Wadudu wasikuharibie kazi, mwanangu," akasema. "Na huko uendako, lehemu taratibu."

"Inshaallah, Bi Asha," nikasema.