Fungua Boliti ya Juu Kwanza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiiwaza nashika kichwa kwanza, kisha ndipo namshukuru Mungu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, najifunza ufundi wa pikipiki kwa Fundi Mshamu, pale Temeke. Nilikuwa nimeshika spana kwa miezi minane tu, lakini ungenisikia ninavyoongea ungedhani pikipiki ya kwanza duniani niliifunga mimi.

Tulikuwa na mteja wetu mmoja, mkunga, mama wa Kichaga tukimwita Mama Elinami. Mumewe alipofariki alimwachia pikipiki kuukuu, kubwa, isiyo na mnyororo. Badala ya mnyororo ilikuwa na shafti, chuma kinachozunguka ndani ya bomba mpaka gurudumu la nyuma, na hapo kwenye gurudumu kuna boksi la gia ambalo sisi mafundi tunaliita difu. Difu ina oili yake peke yake, nzito, wala haihusiani na ile ya injini. Wengi walimshauri mama aiuze. Yeye alifunga kitenge juu ya suruali, akafunga mkoba wake nyuma ya kiti, akaenda kuzalisha watu kuanzia Mtoni mpaka Mbagala.

Siku hiyo Fundi Mshamu alikwenda kuzika Kunduchi. Akaniachia agizo moja: "Mama Elinami akija, angalia oili ya difu. Angalia tu." Hilo "tu" ndilo lililoniuma.

Mama alikuja asubuhi, akaiacha pikipiki, akaenda sokoni. Kuangalia oili si kazi. Unaisimamisha pikipiki wima kwenye stendi ya katikati, unafungua boliti ya juu, ile ya kujazia, unaona kama oili imefika kwenye ukingo wa tundu. Mimi nikasema moyoni, hiyo ni kazi ya watoto. Nitaibadilisha kabisa, mzee akirudi akute kazi ya fundi. Nikaanza na boliti ya chini, ile ya kumwagia oili, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa laini. Oili yote ikashuka kwenye beseni, nyeusi, inanuka. Nikafurahi. Ndipo nikaigeukia ya juu.

Ikagoma. Nikaongeza nguvu, spana ikateleza, pembe za kichwa cha boliti zikalika mpaka kikawa mviringo kama kifungo cha shati. Maji yakimwagika hayazoleki, na oili ndiyo kabisa. Difu ilikuwa tupu, na mlango wa kuijazia haufunguki.

Mara Mama Elinami huyo, anakuja mbiombio. Ameitwa Mbagala, kuna mzazi wa mimba ya kwanza, uchungu umeanza tangu alfajiri.

"Kijana, vipi oili yangu?"

Nami, mwanangu, nikajibu, "Tayari, mama."

Nilikuwa nimeshairudisha boliti ya chini na kupangusa kila kitu. Nikajiambia, Mbagala si mbali, atafika. Na nilijua vizuri kwamba difu kavu husaga gia, na kwamba gurudumu la nyuma linaweza kukwama ghafla katikati ya barabara. Nilimtazama mama wa watu akivaa kofia yake ngumu, nikanyamaza. Hakuna dakika ya maisha yangu ninayoionea aibu kama ile.

Kilichoniokoa ni tabia yake. Marehemu mumewe alimfundisha kwamba oili haiulizwi, inaguswa. Akachuchumaa, akanyoosha kidole cha mwisho.

"Nifungulie nitie kidole."

Kisha akakiona kichwa cha boliti, akaliona na beseni. Hakupiga kelele. Aliniangalia jinsi alivyozoea, nadhani, kumwangalia mzazi anayekataa kusukuma.

"Ina oili, haina?"

"Haina, mama."

"Si ungesema bado? Bado nalo neno gumu? Mficha uchi hazai, mwanangu. Nawaambiaga wazazi kila siku, leo nakwambia wewe, dume zima."

Leo nacheka. Siku ile machozi yalinitoka. Akachukua mkoba wake, akaelekea barabarani kutafuta gari, kisha akageuka.

"Na siku nyingine ufungue pa kuingilia kwanza, ndio ufungue pa kutokea. Mie simtoi mtoto mpaka khanga ya kumpokelea iwe mkononi. Fundi akirudi mwambie mwenyewe. Mie sisemi."

Akapata lifti kwenye pikapu ya mkaa. Nilikaa mchana kutwa kando ya pikipiki ile, nikimwombea mwanamke nisiyemjua jina wala sura.

Fundi aliporudi alasiri nilimwambia yote, mpaka lile "tayari". Alinisema, na nilistahili. Kisha akaipasha boliti moto, akaigonga kwa tindo polepole mpaka ikakubali kuzunguka. Akatafuta nyingine ya kuweka, akanipa chupa ya oili nzito. "Jaza mpaka ichungulie tunduni, uishie hapo."

Kesho yake Mama Elinami akaja. Mtoto wa kiume, mama yake mzima. Akachuchumaa, akatia kidole, kikatoka kinang'aa. Akakipangusia kwenye mkono wa shati langu.

"Haya, sasa sema."

Nikasema, "Tayari, mama."

Amekwisha kutangulia, Mungu amlaze pema. Angetaka, angenitangaza Temeke nzima na nisingeaminiwa hata kupewa baiskeli. Alinisitiri. Kwa spana ile ile nimelea watoto wanne na kujenga huku Kinyerezi, na kila ninapokula nashiba pia huruma ya yule mama.

Sasa vijana mnakuja barazani kwangu. Juzi mmoja ameacha kazi kwa hasira, nikamuuliza anakwenda wapi, akasema atajua mbele ya safari. Nikamwonea huruma, maana nililiona beseni langu. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi fundi naongeza langu: kabla hujamwaga ulicho nacho, iwe kazi, iwe ndoa, iwe rafiki wa zamani, gusa boliti ya juu uone kama inafunguka. Na ukiulizwa jambo ambalo hujalimaliza, sema bado. Aibu ya "bado" ni ya asubuhi moja tu, lakini "tayari" ya uongo ingeweza kumwacha mzazi wa Mbagala peke yake.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukukanya bila kukuanika, na kila utakapomwaga, akufungulie kwanza pa kujazia.