Jino Lililongoja Mfunguo Mosi

Nyumbani kwetu Changamwe, jino likiuma liling'olewa. Hakukuwa na mjadala. Babangu aliitumia tiba hiyo mpaka ikakosa pa kufanyia kazi. Alipostaafu bandarini hakuwa na hata jino moja. Alitengenezewa ya bandia, akayavaa Idi mbili, akasema yanamfinya, yakaishia ndani ya gilasi juu ya kabati. Mamangu akaanza kumpikia vitu laini, na maisha yakaendelea.

Mimi niliona aibu kwa niaba yake. Nilikuwa karani huko Kipevu, kijana wa shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni, na nilikuwa nimeapa kwamba sitaufikia uzee na ufizi mtupu. Kwa hivyo gego langu la chini lilipoanza kunitesa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilikwenda kwa daktari wa meno aliyekuwa karibu na kazini. Kabla hajaniuliza jina nikamwambia, "Hili haling'olewi."

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu fupi zilizochongwa vizuri. Alilipiga jino picha, akaitazama, akakubali. Alinieleza kwamba uozo umeufikia mshipa ulio ndani ya jino. Atalitoboa, autoe mshipa, asafishe njia za mizizi, azizibe, kisha jino livikwe kofia ngumu. Siku ile alitoa mshipa na kusafisha, akaliziba tundu kwa dawa nyeupe laini.

"Hii ni ya muda tu," alisema. "Haiwezi kuzuia mate siku nyingi. Rudi baada ya wiki mbili tumalize."

Maumivu yalikatika kabisa. Nikarudi nyumbani kifua mbele, nikamkalisha babangu kibarazani na kumpa somo. Nilimwambia habari za mizizi, za mshipa, za kofia. Nilimwambia kwamba watu walioendelea hawang'oi meno. Mzee alinisikiza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Yaani jino lishakufa, nawe walibakisha nyumbani?"

"Limetibiwa, Baba."

"Haya. Mungu alipe umri," akasema, akanywa chai yake.

Wiki mbili zikaisha, na Ramadhani ikaingia. Hapo ndipo ucha Mungu wangu ulipoamka. Nikatangaza nyumbani kwamba siwezi kutibiwa meno nikiwa nimefunga, kwa sababu ile mashine humwaga maji kinywani na mtu akimeza tone moja saumu imekwenda. Nitakwenda Mfunguo Mosi, mwezi ukishaandama na watu wakishafungua. Nilisema hayo kwa sauti ya upole na uchovu, kama mtu aliyekesha akisoma vitabu vya dini.

Babangu alinishauri nimuulize mwalimu wa chuo cha Kurani, jirani yetu. Nikamuuliza nikitumaini atakataza. Mwalimu akasema haina ubaya maadamu simezi kitu, na kama nina wasiwasi niende usiku. Nikasema daktari usiku hayuko. Siku ya pili nikakutana na daktari mwenyewe sokoni akinunua ndizi mbichi za futari, akaniambia mwezi huu anafungua kliniki hata usiku, baada ya tarawehe, nije wakati wowote. Nikamjibu kwamba baada ya tarawehe huwa na nyiradi zangu za kusoma. Wallahi nilimwambia hivyo, uso mkavu. Nyiradi zenyewe zilikuwa mchezo wa keramu, na msikitini nilikuwa nikionekana kwa nadra.

Kweli ni kwamba niliogopa sindano. Jino halikuuma tena, na mimi si mtu wa kumfuata daktari nikiwa sina maumivu.

Mfunguo Mosi ukaingia. Nikakumbuka saumu za sita, zile za sunna baada ya Ramadhani, ambazo sijapata kuzifunga maishani mwangu, nikaona ni vizuri nizimalize kwanza. Mfunguo Pili kulikuwa na harusi za mabinamu, na siwezi kula pilau na mdomo wenye ganzi. Mfunguo Tatu ni Idi Kubwa, nyama tele. Baada ya hapo niliacha hata kutafuta sababu. Daktari alinitumia salamu kupitia mfanyakazi mwenzangu, mara ya kwanza, mara ya pili. Nikazipokea zote kwa heshima.

Lililo baya zaidi ni kwamba nilianza kulitegemea jino lile. Halikusikia moto wala baridi, nami nikalichukulia kuwa ndilo shujaa wa kinywa kizima. Mifupa ya mbuzi nilipeleka upande ule, barafu nilitafunia upande ule. Mamangu aliniambia nilionee huruma. Nikamwambia, "Hili limeshatengenezwa."

Ramadhani ikarudi. Siku za mwanzo tu, adhana ya magharibi ikaadhiniwa, nikatia tende kinywani kwa pupa ya mtu ambaye tangu adhuhuri alikuwa akiitazama saa. Meno yakakutana na kokwa. Sikusikia maumivu yoyote. Nilisikia mlio mdogo mkavu, kisha ulimi wangu ukagusa gego na kukuta nusu yake inacheza.

Kesho yake nilitoroka kazini mapema nikaenda kwa daktari, mchana, nimefunga, na sikumuuliza mwalimu yeyote. Nilikaa kwenye kile kiti. Nilimwomba alifunge kwa waya, alibandike, alivike hiyo kofia hata sasa hivi. Alilitazama, akalitikisa kidogo kwa kifaa chake.

"Nafikiri ile dawa haikushika," nikamsaidia kueleza.

"Dawa ilishika," akasema. "Kazi haikuisha. Kile kizibo kililika, mate yakaingia, uchafu ukashuka tena mpaka kwenye mizizi. Na jino lililotolewa uozo hubaki na kuta nyembamba. Kofia ndiyo ingelizishika pamoja wakati wa kutafuna. Wewe walitumia hivyo hivyo, mwaka mzima."

"Sasa?"

"Ufa ungeishia juu ningejaribu. Huu umeteremka chini ya ufizi, umeupasua mzizi. Hakuna cha kushika. Litang'olewa, ndugu yangu."

Nililia. Ningependa kuandika kwamba machozi yalinilengalenga, lakini nililia hasa, mtu mzima na kalamu yake mfukoni. Daktari akaningoja nimalize, ndipo akachukua sindano, na ile sindano niliyoikimbia mwaka mzima haikuuma kuliko kung'atwa na siafu.

Nilifika nyumbani karibu na magharibi, shavu limevimba na pamba kinywani. Mamangu alinitazama mara moja akaelewa, akarudi jikoni. Nikakaa mkekani mkabala na babangu, nikakiinamisha kichwa, nikangoja anicheke. Nilijua anayo haki, na maneno yake nilikuwa nimeshamtungia njiani: watu walioendelea, mizizi, kofia.

Adhana ilipokwisha, mzee alisogea akanipisha upande wake wa sinia. Akamega tumbo la samaki, akalichambua miba kwa vidole, akaliweka mbele yangu.

"Mkate utie mchuzini kwanza," akasema. "Uwache unywe. Kisha usukume juu kwa ulimi. Usiutafune."

Nikaitoa pamba, nikafanya hivyo, vibaya, mchuzi ukanidondoka kidevuni. Akanipangusa kwa kitambaa chake.

"Polepole. Nami ilinichukua muda kujua."

Akamega mkate wake, akautia mchuzini. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Mwaka jana, kila nilipotaka kufungua, dua ya kwanza ilikuwa ya jino lako hilo. Nilitaka mmoja wetu afike uzeeni na meno yake."

Nusu ya mdomo wangu ilikuwa imekufa ganzi. Nikatia mkate mwingine mchuzini, nikaungoja unywe. Akamega kipande kingine cha samaki, akakitoa miba, akanipa.