Maiki ya Mabonga Haikosei

Kama una mtoto aliyemaliza kidato cha nne na hajui anataka kuwa nani, usimsumbue kwa maswali. Mlete hapa Eldoret, mtaa wa Munyaka, kwa Mabonga. Ana saiba, duka la intaneti lenye kompyuta nne, moja ikiwa ya kuwekea kikombe cha chai, na kwa miaka tisa amekuwa akiwapa watoto wa watu wito wa maisha kwa dakika saba kila mmoja, pamoja na kuchapisha.

Sayansi yake ni hii. Mezani kuna maikrofoni iliyokufa, ambayo kanisa lilimwachia liliponunua mpya. Mzazi anaketi, anaishika, anaambiwa afumbe macho ajione yuko matangani kwao, hema limejaa, na zamu yake ya kutambulisha familia imefika.

"Sasa mtaje mtoto wako," Mabonga anasema.

"Huyu ni kifungua mimba wangu, ni mwalimu."

Mabonga anatikisa kichwa. Bega halijapanda.

"Huyu ni kifungua mimba wangu, anasomea uhasibu."

Bega limepanda kidogo.

"Huyu ni kifungua mimba wangu, Injinia!"

Basi. Mabega yakifika masikioni, hiyo ndiyo kozi, na Mabonga huwa ameshaiingiza kwenye mtandao wa serikali wa kugawa vyuo kabla mzazi hajafumbua macho. Mtoto mwenyewe yuko nyuma, amekumbatia faili. Yeye hapewi maiki. Aseme nini, na si yeye atakayetambulisha?

Msimcheke. Nani kati yetu hajakaa kwenye hema akasikia watoto wa watu wakitajwa kwa digrii zao, moja baada ya nyingine, kama ng'ombe wa mnada? Mama yangu mabega yalimpanda kwa neno "Aktuaria". Hakujua maana yake, mimi sikujua, Mabonga hakujua. Nilikaa chuoni mihula mitatu na bado sijui.

Basi mwaka jana zamu ikafika nyumbani kwake. Binti yake, Brigid, alipata B ya kawaida, alama inayotosha digrii. Mabonga alitoka Bungoma kijana, akaja Eldoret kuwa karani wa ghala la mahindi, akapanda mwenyewe hadi kwenye saiba, na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza kuvuka sekondari. Mwezi wa nane kulikuwa na ukumbusho wa babu yao huko nyumbani, na ndugu yake Kituyi, ambaye mtoto wake anasomea udaktari, ndiye angeshika maiki kabla yake. Unaona mzigo aliokuwa nao.

Wiki tatu nzima alimjaribu Brigid kwenye maiki. Wakili Brigid. Balozi Brigid. Rubani Brigid. Kila jina lilimpandisha mabega, na yeye hakuwahi kukutana na mzazi ambaye kila kitu kinampandisha. Siku ya mwisho ikafika, mtandao unafungwa saa kumi na moja jioni, na binti wa mshauri mkuu wa Munyaka hajachaguliwa hata chuo cha kushona. Tryphosa, mamake Brigid, alipiga simu kila nusu saa.

"Mabonga, watoto wa hapa hadi Soy wote umewapeleka chuo. Wako umemwekea nani?"

"Nipe nafasi, mama Brigid. Hii kazi inataka utulivu."

Saa tisa stima zikapotea.

Ndani kulikuwa na foleni ya watu kumi na watano. Jenereta ilikohoa mara mbili, ikatema moshi, ikanyamaza. Brigid akatoka nje akaichuchumalia. Tangu kidato cha pili ndiye huichezea hiyo mashine, na printa, na pikipiki ya jirani, lakini hilo Mabonga alilihesabu pamoja na kuosha vyombo.

Katika giza hilo la chumbani akaingia Mzee Kipkirui, mkulima wa Soy, gambuti zimejaa matope, akimvuta mwanawe Kibet kwa mkono wa koti.

"Mabonga! Huyu ulimpatia kozi gani?"

Mabonga akamtazama Kibet. "Uhusiano wa Kimataifa, Mzee. Kozi kubwa sana. Ulilia hapa kwa furaha."

"Mtoto ambaye akiona wageni anapitia nyuma ya nyumba! Uhusiano wa wapi? Hata shangazi yake hampigii simu. Mbadilishie leo, kabla hawajafunga."

"Stima zikirudi, Mzee. Keti. Kibet, we unataka nini?"

Watu kumi na watano wakageuka. Hilo swali lilikuwa halijawahi kuulizwa katika chumba hicho. Kibet aliangalia viatu vyake.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa sijui pia ile siku."

Mabonga akainuka. Akachukua maiki, akatoka nje akasimama juu ya binti yake, akafumba macho.

"Huyu ni binti yangu, mtaalamu wa Sayansi ya Siasa…"

"Baba, sogea kidogo, unazuia mwanga."

"Mtaalamu wa Utalii…"

"Kabureta imeziba. Petroli ya jana ilikuwa na mchanga. Nishikie hiki kifuniko."

"Brigid! Toka hapo na hiyo oili! Saa kumi imepita na mimi hapa natafuta maisha yako!"

Brigid hakutoka. Alichomoa uzi mmoja wa waya kwenye brashi ya kusugulia sufuria, akauchomeka kwenye tundu dogo kuliko jicho la sindano, akapuliza, akafunga, akavuta kamba. Jenereta ikanguruma. Foleni ikapiga makofi, kompyuta zikaamka, na Mzee Kipkirui, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama yote, akauliza:

"Huyu msichana ni wa nani?"

"Ni wangu, Mzee. Namtafutia wito."

"Unautafuta wapi?"

Mabonga akaangalia maiki iliyo mkononi mwake.

"Trekta yangu imelala shambani siku nne," Mzee akaendelea. "Mvua imeanza, majirani wamepanda, na fundi wa mjini kila siku ananiambia kesho. Wewe msichana, trekta unaweza?"

"Sijawahi kuifungua, Mzee. Lakini nikiiona nitajua inasumbuliwa na nini."

Saa kumi na moja kasoro robo Brigid aliketi kwenye kompyuta ya kwanza bila hata kunawa. Kozi zote alizijua, alikuwa amezichapa kwa niaba ya babake likizo tatu. Akaandika ufundi wa mitambo ya kilimo, diploma.

"Diploma?" Mabonga akashika kichwa. "Na B yako? Kituyi atashika maiki aseme daktari, mimi niseme nini?"

"Jaribu, baba."

Akafumba macho. "Huyu ni binti yangu… fundi wa trekta." Mabega yalishuka hadi mimi niliyekuwa kwenye foleni nikadhani koti litamvuka.

"Nipe mimi," Brigid akasema.

Akaichukua maiki. Katika miaka tisa hakuna mtoto aliyewahi kuishika. "Mimi ni Brigid," akasema, "na nafungua trekta." Mabega yake hayakupanda hata kidogo. Kidole chake kilikuwa kimeshabonyeza kitufe, na kikaacha alama ya oili ambayo iko hapo hadi leo.

Mzee Kipkirui alimchukua hadi Soy saa hiyo hiyo. Trekta ililima kesho yake. Kwa haraka hiyo wote walimsahau Kibet, mtandao ukafungwa, na mpaka sasa yuko kwenye Uhusiano wa Kimataifa, akipitia nyuma ya chuo.

Mwezi wa nane Kituyi alisema daktari, hema likashangilia. Mabonga akasimama. "Na huyu wangu ni Mkurugenzi wa Mitambo Mizito, Kanda nzima ya Bonde la Ufa!"

"Fundi, baba!" Brigid akaitikia kutoka nyuma.

Kabla chakula hakijaiva, wanaume wanne wenye trekta mbovu walikuwa wamemwomba Brigid namba ya simu. Daktari wa mwaka wa kwanza hakuombwa na mtu. Mabonga aliona, na mimi niliyemsindikiza nikajua sasa amejifunza.

Amejifunza kweli. Mwaka huu ametuma watoto thelathini na wanane kwenye ufundi wa trekta, bila hata maiki, akiwemo mmoja anayezirai akinusa dizeli. Juzi nilimkuta na mama mmoja wa Timboroa, akimhakikishia kuwa trekta ndiyo udaktari mpya. Nyuma yao binti wa huyo mama alikuwa ameazima kalamu, na juu ya jalada la faili yake alikuwa ameichora saiba nzima: foleni, nyufa za ukuta, hata mvuke wa chai juu ya kompyuta ya nne, na Mabonga mwenyewe, mdomo wazi.

Mabonga akageuka akaiona.

"Wewe, wacha kuchafua faili," akamwambia. "Tunatafuta maisha yako hapa."