Mgeni wa Kwanza

Jirani yangu fundi cherehani ana tovuti aliyojitengenezea mwenyewe kwa simu, bure kabisa. Kila asubuhi, akishafungua duka, hushika kitambaa atakachoshona kando ya kioo cha simu na kubadilisha rangi za ukurasa mpaka zifanane nacho. Chini kabisa kuna namba inayohesabu wageni. Ikipanda, hutikisa kichwa kwa kuridhika, pini zikiwa mdomoni. Wateja wenyewe siku hizi ni haba. Juzi namba ilipopanda kwa mmoja, uvumilivu ukanishinda.

“Shoga, huyo mgeni si wewe mwenyewe uliyefungua ukurasa?”

Akazitoa pini mdomoni mojamoja, bila haraka.

“Najua. Kwani hapa dukani, kila siku anayeingia wa kwanza ni nani?”